Mzee kaniambia laivu pahala pangu jikoni nikapiga kelele mpaka nikalia, na wamenialika tena

*Suali:*

Shikamoo Mwalimu. Mie msichana wa miaka 27 niko Wete, ni msaidizi wa sheria kwenye shehia yetu. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mjadala redioni kuhusu wanawake kuongoza kamati za skuli, nikawekwa na mzee mmoja anaheshimika sana kwetu. Kaanza vizuri, halafu kasema toka dunia iumbwe mwanamke pahala pake ni jikoni na skuli ikiongozwa na mwanamke baraka inaondoka. Nikamjibu akanikata, nikamjibu tena akaniuliza "kwanza wewe umeolewa?" Hapo sijui nini kilinipata, nilipiga kelele mpaka sauti ikapasuka, nikasema maneno hata siyakumbuki yote na mwisho nikalia. Klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanacheka. Sasa wamenialika tena, mzee yule yule, Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka kwenda ila nikiwaza tu tumbo linasokota. Nifanye nini nisikasirike?

*Jibu:*

Marahaba mwanangu. Klipu yako niliipata kabla ya barua yako, mpwa wangu kaniletea akidhani ntacheka, sikucheka, nimeisikiliza mara tatu na mara ya tatu nilifumba macho ili nisikie tu. Mie nimekaa miaka mingi kwenye vile viti, kwanza mtangazaji, halafu mgeni, siku hizi nafundisha wengine namna ya kukaa, kwa hiyo nikisikiliza mjadala sitafuti nani kashinda, nasikiliza pumzi. Na yako niliisikia inakwisha dakika nzima kabla hujapiga kelele. Kuna tasbihi ya mzee, sijui kama mwenyewe uliisikia mle studio, anaigonga mezani, tak, tak, tak, maiki inaiokota yote, na wewe kila ikigonga unaongeza mwendo, sentensi inaingia ndani ya sentensi, huvuti hewa, huweki kituo, mpaka anafika kwenye suali la ndoa wewe kifua kishakauka zamani. Kwa hiyo hilo la "sijui nini kilinipata" lifute. Kilichokupata kinajulikana.

Ila nitakujibu tafauti na ulivyouliza, maana unataka usikasirike na hilo mie siwezi kukuahidi. Mtu anakwambia mbele ya kisiwa kizima kuwa pahala pako jikoni halafu usikasirike, kwani wewe gogo? Utakasirika. Hasira mwache apande chomboni, abiria yule, usimpe usukani tu. Na wala usijaribu kumkandamiza kwa kukaza uso, watu wa saikolojia kama James Gross wa Marekani wamelipima hili tangu miaka ya 1990 wakaona mtu anayejibana asionyeshe kitu mwili wake ndani hautulii, unazidi kuhangaika, na tena yale yaliyosemwa anayakumbuka vibaya. Sasa wewe uko kwenye mjadala, ukisahau mwenzio kasema nini unajibu nini?

Nikupe langu mie, maana kufunza watu huku umejificha si vizuri. Miaka ile kabla ya 2005 palikuwa na mvutano mkubwa hapa Unguja kuhusu sheria ya 1985, ile iliyokuwa ikimpeleka jela mpaka miaka 2 msichana asiye na mume akishika mimba. Nikaalikwa redioni, kituo nakisitiri, na mgeni mwenzangu namsitiri pia. Yule bwana akasema wasichana hawa wanajitakia wenyewe, jela ndo itawafunza adabu. Mie damu ikanipanda nikamrushia kijembe kuhusu nyumba yake, kijembe kikali mno, sitakirudia hapa kwa sababu ana wajukuu sasa. Studio nzima ikavunjika mbavu, hata fundi mitambo nilimuona nyuma ya kioo kainamia meza anacheka. Nikatoka pale najiona malkia. Kesho yake konda wa daladala la Mwanakwerekwe kakataa nauli yangu, ati "leo bure Bi mkubwa, jana ulimpatia." Siku ya tatu niko Darajani natoka kununua samaki, kaja mwanamke mtu mzima na kikapu chake, kanishika mkono wa buibui, kanivuta pembeni kwenye ukuta. Kaniambia, mwanangu, binti yangu ana mimba ya miezi 5, nilikaa na redio usiku ule nisikie mtasema sheria inasemaje, watamchukua au hawatamchukua, nikasikia watu wanacheka. Hakugomba. Alitaka tu kujua sasa kama nnaweza kumwambia, na makelele yote yale ya Darajani nakwambia sikuyasikia tena, nilisimama na samaki wangu ananidondokea kwenye viatu, nikamwambia yale niliyotakiwa niyaseme siku mbili nyuma.

Sheria ile ilibadilishwa 2005, jela ikaondolewa. Kijembe changu hakikusaidia hata herufi moja.

Ndo maana nakwambia hivi: wewe hukuitwa kwenda kumbadilisha mzee. Mzee ana miaka yake 70 na kitu, ana heshima yake, kasema neno lake hadharani, unadhani atageuka mbele ya maiki aseme "kweli bibi, nilikosea"? Hatageuka hata kama ndani ya moyo kakubali. Hapo kuna mtu wa tatu. Mie wangu ni yule mama wa kikapu, mpaka leo nikikaa mbele ya maiki namuweka pale, na wewe mtafute wako umpe sura. Labda yuko Konde, kakaa ukumbini anachambua karafuu, redio iko dirishani, kaambiwa na wenzake agombee ile kamati na anaogopa mumewe atasema nini, majirani watasema nini. Huyo ndiye unayemwambia. Ukishamuweka huyo kichwani sauti yenyewe inashuka, kwa sababu hakuna anayempigia kelele mtu aliyekaa anachambua karafuu.

Na hapa niseme kidogo kuhusu vijembe maana sisi watu wa visiwani tumezaliwa navyo. Ugomvi wetu wa kina mama tunaumaliza kwa jina la kanga, unaivaa unapita mlangoni kwake hujasema kitu na kila mtu kasikia. Taarab ndo usiseme, mie mwenyewe nikisikia mpasho mzuri nainuka kutunza. Lakini kwenye mjadala kijembe ni sukari, kinakupa raha wewe na wale waliokuwa upande wako tangu mwanzo, yule wa Konde anabaki na karafuu zake na hajui lolote jipya.

Haya, mwili. Hasira inaanza mwilini kabla hujaijua kichwani, moyo unakwenda mbio, koo linakaza, sauti inapanda kama filimbi, na sauti ikishapanda watu hawasikii tena maneno wanasikia filimbi. Unachoweza kukikamata kwa haraka ni pumzi tu. Kila ukivuta hewa moyo unaongeza mwendo kidogo na ukiitoa unapunguza, ndo maumbile ya mwili yalivyo, basi wewe refusha ile ya kutoa, vuta kwa puani hesabu 4 toa hesabu 6 au 7, wakati mzee anaongea, wala hakuna atakayejua. Geuza uso kidogo pembeni maana maiki za siku hizi zinaokota kila kitu watakusikia kama bahari. Miguu yote miwili iguse chini, usiikunje kwenye kiti kama ulivyokaa kwenye ile klipu, mtu aliyekunja miguu na kuinamia meza kifua chake kimebanwa tayari.

Sauti ifanyie mazoezi kwa matangazo ya vifo. Unacheka, lakini hebu msikilize anayesoma tangazo la msiba redioni, hana haraka, kila jina analiweka pahala pake, mwisho wa sentensi sauti inashuka, na Zanzibar nzima inanyamaza kumsikiliza, hata mwenye kukaanga anapunguza moto. Chukua hoja zako uzisome hivo hivo kila siku mpaka Ijumaa, kwa sauti, chumbani. Ujirekodi kwenye simu. Utaichukia sauti yako siku ya mwanzo, sote tunaichukia.

Jengine dogo lakini mie limenisaidia sana: jiite jina lako. Kuna mtafiti wa Michigan, Ethan Kross, yeye na wenzake walitoa utafiti 2014 wakaona watu walioambiwa wahutubie ghafla, wale waliojisemesha kwa majina yao wenyewe badala ya "mimi mimi" walifanya vizuri zaidi na hawakujitesa sana baadae kwa mawazo. Bibi yangu alikuwa akifanya hivo bila utafiti wowote, akikasirika anajiita kwa jina lake na la baba yake, "tulia we, bado hujaulizwa." Wewe andika jina lako juu ya ile karatasi yako ya hoja.

Halafu kuna ile kazi inayouma, na hii uifanye mapema, leo kama unaweza. Kaa na daftari uandike yale maneno ambayo mtu akiyasema tu unawaka. La kwanza nnalijua, "umeolewa?" Yepi mengine? "Binti mdogo"? "Wasomi wa siku hizi"? "Umetumwa na wazungu"? (Hilo litakuja, lisikushangaze, kila mwanamke aliyewahi kufungua mdomo katika visiwa hivi kaambiwa katumwa.) Ukishayaandika mpe shoga yako ambaye hana huruma akae mbele yako ayaseme kwa sauti ya mzee, na tasbihi mkononi akitaka, ayarudie mara kumi, ishirini. Siku ya mwanzo utasikia moto masikioni. Kufika Alkhamisi litakuwa kama mlio wa feni, lipo linazunguka huko juu na wewe unaendelea na shughuli zako. Watu wengi wananijia wanataka majibu makali, mie nawapa zoezi hili wananuna, halafu baadae wananipigia simu kunishukuru.

Sasa lenyewe hilo la ndoa. Lile suali ni mtego wa panya tu, ukisema sijaolewa utaambiwa basi utajuaje malezi, ukisema nimeolewa utaulizwa mumeo kakuruhusu kuja huku, ukigomba kama ulivyogomba utaambiwa ndo maana hujaolewa. Njia zote tatu zinakupeleka kwenye chumba kimoja. Usiingie. Sema, na useme kwa upole kabisa, "Mzee wangu, hilo wazee wangu wapo, kwetu unakujua. Kwenye kamati ya skuli tunazungumzia nani anasimamia madawati na fedha za wanafunzi," halafu endelea na hoja bila kusubiri. Usicheke puani, usibinue mdomo, ukibinua mdomo ushakuwa umetoa kijembe hata kama maneno ni mazuri. Sentensi ile ijue kama unavyoijua Alhamdu, itoke yenyewe.

Akikukata kauli, nyamaza. Nnasema nyamaza kabisa, mwache amalize, hesabu moja mbili, halafu "naendelea pale nilipoishia" na uendelee na neno lile lile uliloliacha. Akikukata mara ya pili usimgeukie yeye, mgeukie mtangazaji, "naomba dakika yangu nimalizie," ni kazi yake ile analipwa kwa ajili hiyo. Watu wawili wakiongea pamoja redioni kinachotoka ni kelele, msikilizaji anapunguza sauti au anahama stesheni, na kwenye kelele za namna hiyo anayelaumiwa ni mwanamke. Si haki, najua. Kuna utafiti wa 2008 wa Victoria Brescoll na Eric Uhlmann ulionyesha mwanamme akikasirika mbele ya watu anaonekana ana mamlaka, mwanamke akikasirika vile vile anashushwa hadhi, ati ndo tabia yake. Wewe na mzee mlipandisha sauti nyote wawili kwenye ile klipu, nimesikiliza vizuri, yeye ndiye aliyeanza, nani anachekwa? Basi mizani iko hivo, tunaipigania ibadilike, lakini Jumamosi bado haitakuwa imebadilika.

Namna nzuri ya kumpunguza mtu kasi bila kugombana naye ni kumrudishia maneno yake mwenyewe. "Mzee wangu nisije nikakuzulia, umesema skuli ikiongozwa na mwanamke baraka inaondoka, nimesikia sawa?" Halafu kaa kimya usubiri. Hapo moja katika mawili: ama atasema hapana sikusema hivo, kashaanza kurudi nyuma mwenyewe, ama atasema ndio na yule wa Konde atalisikia tena likiwa peke yake, halina makelele ya kulificha. Na wewe umepata sekunde kumi za kuvuta pumzi. Kisha muulize skuli gani. Tupe mfano mzee, skuli gani hapa Wete iliondokewa na baraka? Usiulize kwa kumshitaki, uliza kama mtu anayetaka kujua.

Kuhusu "toka dunia iumbwe", hilo lina majibu mpaka mengine yanabaki, lakini chagua moja tu, ukimwaga yote utaonekana unasoma kitabu. Unguja hii mwishoni mwa karne ya 17 ilikuwa na malkia, Fatuma. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, kapanda meli mwaka 1928 kenda Bombay kurekodi santuri wakati wanaume wengi hawajawahi kufika hata Dar es Salaam. Uchaguzi wa 1957 wanawake hawakupiga kura, wa 1961 wakapiga, na wazee wa wakati ule walisema maneno haya haya ya baraka kuondoka nadhani neno kwa neno. Mie ningekwenda na mwani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki huku, Paje na Jambiani, kwenye 1989, baadae na huko kwenu Pemba kikashika kweli kweli, na waliokichukua ni kina mama, wanaingia majini bamvua inapokupwa wanafunga kamba kwa kamba jua linawachoma mgongoni, na kwa pesa ile wengine wamesomesha watoto, wamenunua mabati. Mzee yule nyumbani kwake au kwa jirani yake lazima yuko mwanamke wa mwani. Muulize, yule pahala pake palikuwa jikoni au majini? Sema kwa mapenzi, kwa sababu inawezekana ni mamaake mwenyewe.

Rais usimtaje. Najua utataka, Samia Suluhu Hassan mzaliwa wa Makunduchi, kaapishwa 19 Machi 2021, mfano uko wazi kama jua. Lakini ukimtaja tu, laivu, Pemba, mjadala umeshakuwa wa vyama na simu zote zitakazopigwa ni za vyama, kamati ya skuli kwaheri.

Na dini je, maana mzee atakuja na dini. Kama hukusoma usishindane nae aya kwa aya, sema tu kuwa masheikh wapo na wao wana kauli katika hili, rudi kwenye hoja yako. Lakini nikupe kitu cha kwako wewe, cha kubeba moyoni na si cha kumpigia nacho mzee. Sura ya 58, Al-Mujadila, jina lake limetokana na mwanamke aliyejadiliana, Bi Khawla bint Thaalaba, mumewe kamtamkia lile neno la kizamani la kumfananisha na mgongo wa mama yake, desturi ya kijahiliya ya kumuacha mwanamke yuko baina na baina, hana mume na hawezi kuolewa. Hakulinyamazia. Kaja kwa Mtume (SAW) kaeleza, karudia, kashikilia, na wahyi ukashuka kwa jambo lake. Kila nikienda kwenye mjadala nakumbuka kuwa mwanamke kujadiliana kuhusu desturi mbovu si jambo tulilotumwa na wazungu. Na ile dua ya Musa katika Sura ya Taha, ya kuomba afunguliwe kifua na alegezwe fundo la ulimi, isome kabla ya kuingia, hakuna dua iliyokaa kimaiki kama ile. Sura hiyo hiyo yeye na Harun wakaambiwa wende kwa Firauni na waseme nae kwa maneno laini. Firauni! Na mzee wa Wete wa watu si Firauni. Tumefundishwa pia mwenye hasira akiwa kasimama akae, na isipomtoka ajilaze, sasa mle studio umeshakaa na huwezi kujilaza chini ya meza, kwa hiyo egemeza mgongo kwenye kiti, ndo kulala kwako huko.

Kitu kimoja nisieleweke vibaya. Utulivu si kuchekacheka. Nimewaona wanawake wasomi wazuri wanakaa na tabasamu la kuganda wakati mtu anasema mke akipigwa kidogo si vibaya, wameambiwa wasionekane wakali. Hapana. Likija la kupiga, au la kumlaumu mtoto aliyeharibiwa, ondoa tabasamu, sema kwa ile sauti ya tangazo la msiba, "Hilo mzee silikubali, na sheria hailikubali," kisha kaa kimya, usilipambe na maneno mengine kumi. Na akitukana mwili wako au wazazi wako una haki ya kumwambia mtangazaji kuwa hili likiendelea utaondoka, na likiendelea ondoka kweli, polepole, vua hedifoni uiweke mezani, usiitupe (nimewahi kuona ikitupwa, walimdai pesa yake).

Machozi yakija? Kunywa maji. Kumeza na kulia havitaki kwenda pamoja, funda dogo dogo, na useme "nipe sekunde mtangazaji". Watu walikucheka kwa zile kelele, kwa kulia hawakukucheka kama unavyodhani, nimesoma komenti nyingi kuliko wewe.

Mambo ya kawaida ya siku yenyewe. Mpigie prodyuza kabla, uliza dakika ngapi, simu za wasikilizaji zinaingia saa ngapi, na uombe ukae upande wa mtangazaji badala ya uso kwa uso na mzee, wanakubali. Kahawa usinywe asubuhi ile, moyo wako utakwenda mbio wenyewe bila msaada. Bangili vua zote. Kama ni zile maiki ndogo za kubana basi usikubali waibane kwenye mtandio karibu na shingo, kitambaa kikisugua inasikika kama upepo wa kaskazi na fundi atakuwa anakukatakata, waibane chini kwenye kifua cha gauni, na uvae mtandio wa pamba, usivae ule unaoteleza, mkono mmoja kila saa juu ya kichwa watu wanaona una wasiwasi.

Na ufike mapema. Mapema kwa sababu moja tu, umuamkie mzee kabla taa nyekundu haijawaka. "Shikamoo babu, mumeamkaje, nyumbani hawajambo?" Mara ile ulichelewa, ukaingia moja kwa moja ukakaa, nimekusikia unahema, hamkusalimiana na kila mtu Wete kaliona hilo hata kama hakusema. Mtu aliyekuitikia marahaba na kukuuliza hali ya babaako ana kazi kubwa kidogo kukuuliza umeolewa dakika kumi baadae. Anaweza, lakini ana kazi. Na mkimaliza muage vile vile, mpe mkono wa heshima kama mnavyopeana huko kwenu, Jumatatu utamkuta sokoni mbele ya dagaa.

Simu izime ukitoka, ule kwanza, ulale kama unaweza. Klipu itatoka tu hata ukiwa mtulivu kama maji ya mtungini, mtu atakata sekunde zake 20 anazozitaka. Ikishapita siku mbili isikilize peke yako umefumba macho, usisikilize maneno, sikiliza pumzi, halafu uniandikie uliishiwa wapi. Andika lakini, voisi usinitumie, sisikilizi.